Barua kutoka Lubumbashi: ile orodha yako ya jeni elfu

Lubumbashi, Katuba

Rafiki yangu mpenzi,

Ujumbe wako kutoka Bukavu nimeupata juzi, nimeusoma mara mbili. Nimefurahi mno kwamba umeingia kwenye kazi ya mikroRNA, vile vipande vifupi vya RNA vinavyopunguza nguvu ya jeni, tena kwa ajili ya watoto wa SS, wenye selimundu. Unajua mdogo wangu ni SS. Kwetu usiku wa maumivu si habari ya kitabuni. Kwa hiyo nakujibu kirefu.

Unaniuliza programu gani ni bora kwa kutabiri shabaha, yaani jeni ambazo mikroRNA fulani huzipunguza nguvu. Umeingiza mikroRNA iitwayo miR-16 katika programu ya TargetScan, ukapata jeni zaidi ya elfu moja, na sasa unataka kubakiza zile tu zinazotokea katika programu tatu. Ngoja kwanza, ndugu yangu. Mimi nilifanya hivyo na miezi minne ikapotea.

Chukua kalamu. Andika miR-16-5p: UAGCAGCACGUAAAUAUUGGCG, herufi 22. (Hakikisha ni 5p, upande mmoja wa mikroRNA hiyo; ukiandika 3p, upande wa pili, utapewa orodha nyingine kabisa.) Hesabu kwa kidole kuanzia herufi ya pili hadi ya nane: AGCAGCA. Hiyo ndiyo mbegu. Igeuze nyuma mbele, weka herufi pacha zake (A kwa U, G kwa C), unapata UGCUGCU. Kwenye faili nyingi utaiona kama TGCTGCT, kwa kuwa U huandikwa T kama kwenye DNA. Programu karibu zote huwinda herufi hizo kwenye mkia wa RNA mjumbe, ile nakala ya jeni. TargetScan hutazama pia kama zimedumu kwa wanyama wengine, programu ya miRDB imefundishwa kwa data za maabara, na PITA hupiga hesabu ya nishati ya kufungua mkunjo wa RNA ili mahali pale pafikike. Lakini mzizi ni mmoja. Basi tatu zikikubaliana, usihesabu mashahidi watatu: ni watu watatu waliosikia habari kwa jirani yuleyule. Na ukibakiza za pamoja tu, unaweza kutupa shabaha ya kweli iliyoonwa na moja peke yake.

Tazama jeni ya MYB ilivyopatikana kuwa shabaha. Watoto waliozaliwa na kromosomu namba 13 tatu badala ya mbili hukaa muda mrefu na hemoglobini nyingi ya kijusi, ile ya tumboni mwa mama. Watafiti wa Marekani wakalinganisha wagonjwa waliozidi kipande tu cha kromosomu hiyo, wakapunguza eneo hadi wakaifikia miR-15a na miR-16-1, ambazo zina mbegu ileile. Mwaka 2011 wakaonyesha kwamba ukiziongeza katika seli changa za damu nyekundu, hemoglobini ile hupanda, na kwamba MYB ni shabaha yao mojawapo. Hebu fikiria maana yake kwa mtoto wa SS, ambaye hemoglobini hiyo ikiwa nyingi, ugonjwa hupungua makali! Wao walianza kwa mgonjwa, herufi za mbegu zikaja mwisho.

Mimi nilianza na orodha. Jeni niliyoing'ang'ania ilikuwa na alama nzuri kila mahali, kumbe katika seli changa za damu imelala kabisa, haifanyi kazi. Niligundua usiku, umeme umekatika, nasoma jedwali kwenye simu. Nilikaa gizani muda mrefu bila kumwambia mtu.

Wewe ondoa kwanza jeni zote zilizolala katika seli unayoichunguza. Kisha ingia miRTarBase au TarBase, hazina za shabaha zilizojaribiwa maabara, usome safu ya ushahidi, mstari kwa mstari. Palipoandikwa lusiferasi, mtu ameunganisha mkia wa jeni na protini inayotoa mwanga, akaona mwanga unafifia mikroRNA ikiwepo. Kama aliharibu herufi za mbegu kwenye mkia na mwanga ukarudi, hapo pana uzito. Ushahidi wa kufuatanisha RNA (kusoma herufi za RNA nyingi kwa mkupuo) peke yake uweke pembeni, usiutupe. Na ramani za njia za seli, zinazopanga jeni kwa kazi au ugonjwa, zikikuambia "saratani", usishangilie: karibu kila orodha ndefu hutoa jibu hilo.

Nitumie orodha yako kabla ya Jumapili, mega ninazo hadi siku hiyo. Nitaipitisha kwenye jedwali langu la seli za damu, nikurudishie zilizobaki pamoja na mahali TGCTGCT ilipo katika kila moja.

Mdogo wangu anakusalimu sana. Wiki hii ameenda shule siku zote.

Wako daima.