Lile kopo halikuungua

Ndugu yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Nakusalimu kutoka Goma, wewe na mama watoto na wote wa nyumbani huko Lubumbashi. Sisi tu wazima. Watoto wanakuulizia, hasa yule wa kwanza, anayeapa mpaka leo kwamba hakuna anayesukuma chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, kama wewe.

Nina neno zito, na nisipoliandika sasa nitalizungusha tena kama nilivyolizungusha miaka yote hii. Lile kopo la likelemba, mchango wetu wa kupokezana kwa zamu, halikuungua.

Unakumbuka usiku ule wa tarehe 22 Mei 2021, anga ilipogeuka nyekundu juu ya volkano ya Nyiragongo. Nyumba yangu ya Buhene ilimezwa, hilo ni kweli. Lakini kopo la maziwa lilikuwa tumboni mwangu, chini ya shati, nimelifunga kwa kitenge. Dola 240, ishirini ishirini za watu 12, na zamu ilikuwa yako. Asubuhi tulisimama pamoja mbele ya ile lava ikitoa moshi, ukanishika bega ukasema, "Pesa imeungua, basi. Pesa hutafutwa, mradi watoto wako wazima." Nikanyamaza. Sikuhitaji hata kudanganya, wewe mwenyewe ulinisemea uongo wangu.

Siku tano baadaye, mji ulipoambiwa uhame, uliwapanga watoto wangu na masufuria juu ya chukudu yako, tukasukuma mpaka Sake. Nilikuwa nyuma yako. Kila nilipoinama kusukuma, kopo lilinichoma mbavu.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Ulikosa mbao za chukudu mpya, ile ya zamani ikavunjikia kwenye mteremko wa Kibumba, ukaenda kutafuta maisha Katanga. Kwa pesa yako mimi nilinunua mabati sita. Iliyobaki niliinywea kasiksi, ile pombe ya ndizi.

Nikaanza kwenda kanisani kwa sababu usingizi ulinikimbia. Niliimba, nilitoa sadaka, nikarudi nyumbani vilevile. Mpaka usiku mmoja wa kesha. Umeme ulikatika, mhubiri akaendelea kusoma Luka 19 kwa tochi ya simu aliyoshikiwa na kijana. Zakayo, yule mkubwa wa watoza ushuru. Wengi wakifika hapo hukaa sana kwenye ufupi wake na ule mkuyu. Huyu alituuliza kitu kimoja tu: kipi kilitangulia? Yesu alimwambia ashuke, kwamba leo atashinda nyumbani mwake, wakati Zakayo hajarudisha hata senti moja. Kurudisha kulikuja baadaye.

Ndugu yangu, hapo nilivunjika. Siku zote nilidhani nilipe kwanza ndipo Mungu anitazame, na kwa kuwa sikuwa na cha kulipa, nilijificha. Kumbe alikuwa ameniona zamani, mimi na kopo langu, na bado alitaka kuingia kwangu. Nilikuwa nikiomba nuru nikifikiri nuru ni faraja. Ilipokuja, ilimulika kopo kwanza. Iliuma sana, na usiku huohuo nililala mpaka jua likachomoza.

Nimebatizwa ziwani. Wale kumi nimewaambia, mmoja mmoja. Wawili hawanisalimii, na wana haki. Wewe nimekuacha mwisho kwa kuwa wema wako ndio niliouogopa.

Sikuandikii ili unisamehe haraka. Yesu amenitoa dhambini, lakini pesa yako bado iko kwangu, na jina lake sitalitumia kulikimbia deni. Zakayo alisema atarudisha mara nne. Mara nne ya 240 ni 960. Nasukuma makaa kila siku, nimefikisha dola 70. Nipe namba ya simu unayotumia sasa nikutumie hizo, nyingine nitakuwa nikituma kila mwisho wa mwezi.

Na hili pia linanisumbua. Kule Sake, tukiwa tumelala nje, ulisema Mungu ametusahau, na nasikia tangu hapo hukanyagi kanisani. Nilikuwa nimelala kando yako. Ningeweza kukujibu kwa kufungua shati tu. Kama moyo utakuruhusu, isome sura hiyo ya Zakayo kabla ya kunijibu, hata kama utanijibu kwa hasira.

Kopo ninalo bado. Mama watoto alitaka kulitupa, nikamkatalia. Ndimo ninamoweka pesa yako.

Wako wa njia ya Kibumba,
Goma