Winga wenu wa miaka 41

Tanga

Kwako ndugu yangu Hamadi,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, na mama anakusalimu. Maneno yako ya juzi kwenye simu kuhusu winga wenu wa miaka 32, kwamba winga akishavuka miaka 30 akafuge kuku, bado yananikera. Wewe ni mtu wa Arsenal, tena wa kufa na kuzikana, kwa hiyo acha nikusimulie habari za Jock Rutherford, winga wa zamani wa Arsenal yenu.

Alizaliwa 1884 huko Percy Main, karibu na mto Tyne, na mwaka 1902 akaingia Newcastle United akiwa na miaka 17. Alicheza winga ya kulia. Enzi zile winga alikuwa hatoki pembeni: anashika chaki, anachanja mbuga, anamwacha beki, anamimina majalo. Kwa mbio zake akabatizwa jina la Newcastle Flyer, yaani arukaye kama ndege. Akiwa nao walitwaa ligi mara tatu, 1905, 1907 na 1909, na timu ya taifa ya Uingereza ikamchezesha mara 11. Na usidhani alitajirika. Nyota na yule wa kawaida wote walikuwa chini ya dari moja la mshahara, pauni 4 kwa wiki.

Ila Kombe la FA, Hamadi! Fainali zilichezwa Crystal Palace, na uwanja ule ulikuwa kama umerogwa kwa Newcastle. Mwaka 1905 walifungwa na Aston Villa, 1906 na Everton, 1908 na Wolves. Mwaka 1910 wakakutana na Barnsley, timu ya daraja la pili, na Newcastle wakatanguliwa bao. Muda unayoyoma, watu wameshaanza kusema ndiyo yale yale, mara Rutherford akapachika kichwa. Bao moja kwa moja. Mechi ya marudio ilipelekwa Goodison Park, huko Liverpool, na Albert Shepherd akafunga yote mawili. Kombe likaenda Newcastle. Shepherd ndiye aliyesifiwa, lakini bila kile kichwa marudio yangetoka wapi?

Mwaka 1913 akahamia kwenu, ndiyo kwanza mmehamia uwanja wa Highbury, tena mkiwa daraja la pili (usinune, ndiyo historia). Vita Kuu ya Kwanza ikaja, ligi ikasimama 1915 hadi 1919. Mchezaji mwingine wa miaka 34 angerudi nyumbani kimya kimya. Yeye alirudi uwanjani. Mwaka 1923 akaenda kuifundisha Stoke, hakukaa hata msimu, akarejea Arsenal kupiga winga.

Kinachonifurahisha zaidi ni msimu wa 1925/26. Herbert Chapman ndiye kocha mpya, sheria ya kuotea imebadilishwa, mpira wenyewe umeshika kasi, na mzee bado anapangwa. Machi 20, 1926, dhidi ya Manchester City, alikuwa na miaka 41 na siku 159. Mpaka leo hakuna aliyeichezea Arsenal akiwa na umri mkubwa zaidi. Na baada ya hapo bado alikwenda klabu ya Clapton Orient akaendelea!

Mimi ningependa akumbukwe kwa kile kichwa cha 1910 kuliko kwa uzee wake, lakini kwa ubishi wetu uzee unatosha. Kwa hiyo yule winga wenu wa miaka 32 mwacheni acheze, na wewe nisalimie shemeji na watoto.

Wasalaam,
Rafiki yako Juma