Anayesubiri kurejeshewa ushuru aelezwe ombi lake limekwama wapi

Mhariri,

Kila mwaka, baada ya Juni 30 ambayo ni siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru, husikika malalamishi ya Wakenya ambao mtambo wa iTax wa Mamlaka ya Ushuru Kenya (KRA) uliwaonyesha kwamba wamelipa ushuru kupita kiasi, wakaomba kurejeshewa, na tangu hapo hawajaona pesa wala maelezo. Wengi huamini kwamba kuna afisa aliyekalia maombi yao. Huenda yapo ya namna hiyo, lakini kazi yangu ni kuwaandalia watu hesabu za ushuru, na ninavyoona mimi, tatizo mara nyingi huanzia kwa yule aliyewakata pesa hizo.

Chukulia mhariri wa vitabu anayefanya kazi kwa mikataba na aliyelipwa Sh400,000 kwa mwaka. Mashirika yaliyompa kazi humkata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani Sh20,000, na yanapaswa kuiwasilisha kwa KRA kwa niaba yake. Akitoa gharama za kazi za Sh120,000, mapato yake ni Sh280,000. Kwa kuwa Sh288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ushuru wake ni Sh28,000, na nafuu ya Sh28,800 anayopewa kila mkazi kwa mwaka huufuta wote. Zile Sh20,000 ni haki yake, hadi senti ya mwisho.

Hata hivyo, cheti cha kodi ya zuio, ambacho ndicho ushahidi wake kwamba alikatwa, hupatikana pale tu aliyekata pesa anapozitangaza na kuzilipa kupitia mtambo huo. Shirika moja likizikalia, au karani akikosea herufi moja ya PIN, yaani nambari ya mlipaji ushuru, cheti hakitaonekana, na mbele ya KRA pesa hizo ni kama hazikulipwa kamwe. Kwa aliyeajiriwa, hali kama hiyo hutokea fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na ushuru wake wa mwaka, aliyopewa na mwajiri inapotofautiana na taarifa ambazo mwajiri huyohuyo aliwasilisha kila mwezi.

Gharama nazo zina mtego wake. Tangu Januari 1, 2024, gharama nyingi za biashara hazikubaliwi bila ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki inayopitia mtambo wa KRA, hata kama pesa zilitumika kweli. Aidha, anayedaiwa ushuru wa zamani, au faini ya Sh2,000 ya kuchelewesha ritani, deni hilo hukatwa kwanza. Na hata ombi likiidhinishwa, malipo hutegemea fedha zilizotengwa kwa ajili ya marejesho, jambo ambalo mwombaji hawezi kulibadilisha kwa kupanga foleni afisini.

Ninaloliomba ni kwamba mwombaji aambiwe waziwazi, ndani ya akaunti yake ya iTax, ni cheti kipi ambacho hakijaonekana, ni gharama ipi iliyokataliwa na kwa nini, na kama ombi limekwisha kuidhinishwa na linangoja fedha tu. Neno moja la kwamba ombi linashughulikiwa, likibaki hapo miezi nenda miezi rudi, halimsaidii mtu kurekebisha chochote. Mwananchi akichelewa kulipa ushuru hutozwa riba ya asilimia 1 kila mwezi na huelezwa deni lake shilingi kwa shilingi. Anapodai chake, anastahili kuelezwa kwa ukamilifu uleule.

Vilevile, si haki kumtuma yule mhariri wa vitabu akabembeleze shirika lililomkata pesa bila kuziwasilisha, hasa ikiwa bado analitegemea kwa kazi. Sheria inaipa KRA uwezo wa kumdai aliyekata kodi, na ni KRA inayopaswa kuutumia. Kwa sasa, nawasihi wanaofanya kazi kwa mikataba wakague vyeti vyao kila wanapolipwa, wasingoje Juni, kwa sababu karani aliyekosea PIN mwezi uliopita ni rahisi kumpata kuliko aliyeikosea mwaka jana.

Mtayarishaji wa hesabu za ushuru,
Nakuru