Kwa Mama Neema, pamoja na mchele

Morogoro,
Jumapili jioni

Mama Neema wangu,

Bwana Yesu asifiwe. Itikia, hata kama ni kwa mdomo tu. Mdomo nao ni wa Mungu.

Sauti uliyonitumia Jumatano nimeisikiliza mara tatu. Ya kwanza nilikuwa sokoni, mteja kasimama ananiuliza bei ya choroko, nikaizima. Ya pili nilikuwa kwenye bajaji, dereva kafungulia redio mpaka kiti kinatetemeka. Ya tatu ilikuwa usiku, Baba Baraka keshalala, ndipo nikalisikia lile neno lako: "Naomba, lakini ni kama naongea na ukuta." Nikashika simu nikujibu hapo hapo. Nikaanza, nikafuta; nikaanza tena, nikafuta. Ndiyo maana nimechana karatasi za katikati kwenye daftari la madeni. Utazikuta ndani ya kiroba cha mchele nitakachompa kondakta wa basi la Dodoma kesho asubuhi.

Habari za hapa ni nzuri kiasi. Leo ilikuwa sikukuu ya mavuno, mnada ukaenda mpaka saa nane mchana. Boga moja, boga tu Mama Neema, limefika elfu thelathini kwa sababu wazee wawili wa kanisa kila mmoja alikataa kushindwa mbele ya mkewe. Aliyelipata akalirudisha linadiwe tena. Kwaya tumeimba, ila sauti ya pili tumebaki watatu tangu uhame, na mmoja ana mafua. Milima ya Uluguru imefunikwa na mawingu tangu Ijumaa, maharage hayakauki.

Sasa lako.

Nianze na yule mtu aliyekwambia mama yako hakupona kwa sababu imani yako haikutosha, tena baada ya kukuuzia chupa mbili za mafuta. Nilikasirika mpaka nikaunguza wali. Tunawasema vibaya marafiki wa Ayubu, lakini wale walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Waliharibu walipofungua mdomo. Huyo wako hakukaa hata dakika saba. Mama alikuwa na kansa iliyogunduliwa imeshasambaa, daktari alikwambia wazi, na wewe ukamuuguza miezi mitano. Kumwosha, kumgeuza usiku asipate vidonda, kumlisha uji kijiko kwa kijiko huku saluni imefungwa na kodi inadaiwa. Kama hiyo haikuwa imani, basi mimi sijui neno hilo lina maana gani.

Uliuliza kama ni dhambi kumwambia Mungu kwamba umechoka naye. Fungua Zaburi ya 88, uisome polepole. Zaburi nyingi za kilio huanza chini zikamalizikia juu. Mtu analia, halafu ukifika mistari ya mwisho unamkuta anasifu. Hii haipandi. Inaanza kwa kulia mchana na usiku, na katika Biblia yetu neno lake la mwisho kabisa ni "gizani". Hakuna aliyeirekebisha. Imeachwa humo katikati ya zile 150, na kichwa chake kinasema ni ya wana wa Kora, waimbaji wa hekaluni. Wanakwaya, shoga yangu. Walisimama wakaiimba hivyo hivyo, wakakaa. Na mimi nikiisoma naona yule mtu amemkasirikia mtu, si ukuta. Ukuta haugombezwi.

Unaukumbuka ule wimbo wenye noti ndefu mwishoni, wa mashindano ya kwaya? Mwalimu alitukataza kupumua kwa pamoja. Akatugawa: wewe utapumua hapa, Mama Baraka pale, mwingine ashike. Waliokuwa wanatusikiliza walisikia sauti moja isiyokatika, wakadhani tuna mapafu ya ng'ombe. Basi siku hizi ndivyo ninavyoyaelewa yale maelezo ya Luther, mzee aliyeanzisha Ulutheri wetu, juu ya sehemu ya tatu ya Imani ya Mitume, tuliyoyakariri kwenye kipaimara kwa kuogopa fimbo: kwamba kwa akili zangu na kwa nguvu zangu siwezi kumwamini Yesu Kristo wala kumjia, bali Roho Mtakatifu ameniita, na ananishika pamoja na Kanisa lote. Wewe sasa uko kwenye zamu ya kupumua. Noti tumeishika sisi. Jumapili nenda ukakae benchi la nyuma, usiimbe kama huwezi. Lakini nenda.

Na la kwangu nikuambie, maana umenifungulia moyo na mimi siwezi kukaa nimejifunika kanga.

Unalijua kopo langu la maharage, lile la bati la bluu. Lilikuwa limebonyezwa kitako. Alinigongea fundi wa gereji, nyundo tatu, akanidai mia tano. Kila kopo linabakiza konzi moja kwangu, na gunia likiisha nina makopo manne matano ya ziada ambayo hakuna aliyenipa. Nilikuwa nayaita baraka. Fungu la kumi nilitoa mpaka kwenye hayo maharage ya wizi, kwa bahasha, na jina langu juu.

Ikafika zamu ya Baraka ya kipaimara. Jioni moja mwaka jana nachambua maharage uani, yeye anakariri amri ya saba. Usiibe. Maana yake nini? Jibu unalijua: tumche Mungu na kumpenda, tusichukue fedha wala mali ya jirani yetu, wala tusiipate kwa bidhaa mbaya au biashara ya hila, bali tumsaidie kuitunza na kuiongeza. Luther aliyaandika hayo Ujerumani mwaka 1529, lakini ungeapa alikuwa amepita sokoni kwetu asubuhi ile. Nikamwambia Baraka arudie. Akarudia. Nikamwambia tena. Mara ya tatu akasema kwa sauti ndogo, anaangalia chini, nikajua kwamba mtoto analijua kopo. Jumamosi huwa ananisaidia kuuza.

Usiku ule nilipiga magoti kama kawaida. Nilipofika "utupe leo riziki yetu" nikakwama. Riziki ipi? Hii ninayoomba, au ile niliyogongewa kwa nyundo? Miaka mingi nililalamika kwamba sala zangu hazina ladha. Nilifunga, nilikesha, nilibadilisha saa ya kuomba, nikanunua na daftari la maombi lenye jalada la maua. Kopo sikuligusa. Kopo lilikuwa mambo ya sokoni, na Mungu nilikuwa namwacha kanisani kila Jumapili kama mtu anavyoacha mwavuli.

Bibi yangu kule Bukoba alikuwa mtu wa uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, ukatapakaa miaka ya 1930 mpaka Uganda na kwetu Kagera. Wale dhambi hawakuiungama kwa ujumla. Waliitaja kwa jina, na kilichoibwa kikarudishwa, awe mbuzi, liwe jembe. Waliita kuenenda nuruni. Nilipokuwa mdogo niliwaona ni watu wa kelele tu, kila siku kukumbatiana na kuimba Kiganda. Lakini kesho yake asubuhi nilinunua kopo jipya, nikamfuata mama ntilie wa pale kona, anayechukua makopo manne kila siku, nikamwambia ukweli mikono ikitetemeka. Yeye akaendelea kukata vitunguu.

"Nilijua," akasema. "Mnabonyeza wote. Wewe angalau maharage yako hayana mawe."

Nikawa namwongezea makopo mawili kila wiki mpaka Pasaka. Zakayo alirudisha mara nne. Mimi sikufika huko, na wengi walikuwa wapita njia ambao sitawaona tena. Hilo bado linaniuma na sijalipatia dawa. Kopo la zamani tunapimia kuku pumba.

Sasa usije ukaanza kujipekua unatafuta kopo lako. Ukavu wangu ulikuwa wa wizi, wako ni wa msiba, na atakayeichanganya hiyo miwili ni ndugu yake yule wa mafuta. Nimekusimulia kwa sababu nilimtafuta Mungu kwenye magoti miaka yote ile, nikaja kukutana naye kwenye kipimo. Pengine wewe utakutana naye kwenye saluni.

Mwaka huu mchungaji alitufundisha kwenye kipindi cha wanawake habari ambayo nilikuwa siijui. Luther alikuwa na kinyozi, anaitwa Peter, ambaye alimwomba amfundishe kuomba. Luther akamwandikia barua ndefu, ikachapishwa mwaka 1535. Anamwambia: wewe ni kinyozi, unajua kwamba mwenye wembe macho na mawazo yake lazima yawe kwenye nywele, akipiga soga huku anawaza mengine, atamkata mtu mdomo au pua, hata koo. Na sala ni hivyo. Chukua Baba Yetu, ombi moja moja, ulitafune. Ukipata mawazo mema kwenye ombi moja, acha hayo mengine yote, nyamaza usikilize. Wenzangu walikuwa wanaandika, mimi nilikuwa nacheka peke yangu, nimekumbuka ulivyomchoma yule bibi harusi sikio na pasi ya nywele.

Mimi Baba Yetu nimeigawa njiani. Kutoka nyumbani hadi sokoni ni dakika ishirini kwa miguu. Siku nyingine nafika bado niko kwenye "jina lako litukuzwe". Siku nyingine nashtuka nimefika na njia nzima nilikuwa nawaza bei ya gunia. Sijigombezi, nasema Amina nafungua turubai. Kwako wewe naona ni rahisi zaidi. Mteja akija kusuka rasta unakaa na kichwa chake mikononi saa nne, saa tano. Ni askofu gani anayewawekea watu mikono muda wote huo? Mtaje jina kimya kimya huku unagawa nywele, basi. Aliyeachwa na mumewe, anayetafuta mtoto, aliyekuja tu kwa sababu nyumbani hapakaliki. Wanakusimulia wenyewe, huna haja hata ya kuuliza. Hapo hutakiwi kujisikia chochote. Mikono yako inajua kazi hata siku moyo umelala.

Usiku nako usijilazimishe. Hiyo mikesha mitatu kwa wiki uliyoniambia iache kwanza, umekonda, nimeona kwenye picha. Katika Katekisimu, kile kitabu chetu cha kipaimara, baada ya sala ya jioni, Luther anasema ulale mara moja kwa amani. Nampenda mzee yule kwa maneno hayo tu. Ukishindwa yote, chukua la yule baba kwenye Marko 9: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Zima taa. Yule baba hakurudishwa nyumbani akaongeze imani ndipo asikilizwe.

Najua unachotaka kunijibu. Mtoto wa yule baba alipona, na mama yako hakupona. Hapo Mama Neema sina neno. Nimeiandika sentensi hii mara ya tatu, zile mbili nimezikata, utaona wino. Nami nitamwuliza siku nikimwona.

Shule zikifungwa nitakuja nikae siku mbili. Unisuke, tusiongee sana. Ukitaka twende wote kaburini tutakwenda, usipotaka tutabaki tunachambua mchele. Baraka anakuamkia, anasema shikamoo shangazi, na anataka kujua kama Neema bado anashabikia ile timu. Baba Baraka naye anakusalimu, ingawa bado analala.

Mchele ni wa Ifakara, kilo kumi. Muuza duka jirani yako ana mizani, kaupime.

Ni mimi,
Mama Baraka