Nguzo haishiki kitambaa, inashika ngozi

Mhariri, habari za kazi.

Mi ni msomaji wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, na kilichonisukuma ni ile barua ya wiki iliyopita ya mwenzetu aliyetaka studio za pole dansi, yani mazoezi ya kupanda na kuzunguka kwenye nguzo ("pole" ni nguzo kwa Kiingereza), ziwekewe masharti ya mavazi, eti mwanafunzi afunikwe kuanzia mabegani mpaka chini ya magoti ndo aruhusiwe kuingia. Nimeisoma mara mbili. Sikukasirika, nilicheka, maana inaonekana wazi kabisa aliyeandika hajawahi kujaribu kuning'inia hata kwenye nguzo ya goli.

Nianze na jina lenyewe manake nalo lina vituko vyake, nikimwambia mtu leo jioni naenda pole ananijibu "pole ya nini tena, kuna msiba?" Basi siku hizi nasema tu naenda kwenye nguzo. Na nguzo yenyewe ni bomba la chuma, mara nyingi lina kipenyo cha milimita 45, limesimama toka sakafuni mpaka darini, limeng'arishwa mpaka unajiona sura, halina kifundo wala mahali pa kushikia. Ukiwa kichwa chini na mikono umeachia, kinachokuzuia usitangulize utosi ni nyama ya nyuma ya goti, paja la ndani, kwapa, ubavu, basi. Ngozi ikigusana na chuma inakwama, inauma jamani, mapaja yanavilia damu mpaka nyumbani wanakuuliza nani kakupiga, ila inakwama. Kitambaa hakikwami. Kinateleza kama sahani yenye sabuni.

Najua kwa sababu nilijifanya mjanja. Mwezi wa pili wa mazoezi nilikuwa bado naona aibu na mapaja yangu, yana michirizi, nikawa navaa taiti ndefu mpaka kwenye kifundo cha mguu. Siku hiyo tulikuwa tunajifunza kukaa, yani unapanda, unaibana nguzo kwa mapaja, ukishatulia unaachia mikono. Mwalimu akaniambia hiyo taiti ikunje juu, nikamwambia niko sawa mwalimu. Nikapanda, nikabana, nikaachia mikono, nikashuka urefu wote kwa mkupuo mmoja, fyuuu, makalio yakapiga godoro darasa zima likageuka. Kimya. Afu mwalimu akauliza kwa upole kabisa, "taiti imepona?" Tulicheka mpaka mi mwenyewe machozi yakanitoka, ila ningekuwa kichwa chini saa hizi mngekuwa mnasoma barua ya mtu mwingine.

Kwahiyo masharti ya mavazi mi nayataka, tena makali, ila yawe ya vitu vinavyovunja watu shingo. Losheni kwa mfano. Ukijipaka asubuhi usidhani jioni imeisha, mwili ukipata joto inatoka yote, na haikutelezeshi we peke yako, unaiacha kwenye chuma na anayekuja baada yako ndo anaanguka, ndo maana kila tukibadilishana nguzo inafutwa kwa spiriti. Afu pete. Kuna dada alikuja na pete imegoma kutoka kidoleni akasema hamna shida, akazunguka mara moja tu, ule mlio wa chuma kukwaruza chuma ulitusisimua meno wote, na mkwaruzo wake upo mpaka leo usawa wa kifua, ukipitisha kiganja unausikia. Mkwaruzo kama huo unachana ngozi ya watu. Zipu, vifungo vya chuma, mikanda, bangili, cheni za kiunoni, vyote hivyo viachwe kwenye begi, na mwalimu akikukatalia kupanda kwa sababu ya hivyo usinune.

Lakini mwenzetu aliyeandika amesahau kitu kimoja, kwamba masharti ya mavazi huwa hayaji kwa kufunika watu tu, yanakuja pia kwa kuwavua. Mwaka 2021 wachezaji wa kike wa Norway wa mpira wa mikono wa ufukweni walivaa kaptula badala ya chupi za bikini zilizokuwa kwenye sheria, wakapigwa faini ya euro 1,500. Faini kwa kujisitiri! Kelele zilipokuwa nyingi shirikisho la dunia likaibadilisha ile sheria mwaka huohuo. Na kwetu kwenye nguzo mambo ya hivo yapo, mi mwenyewe nimeona studio imebandika mlangoni kwamba wanafunzi wapya waje na kaptula fupi na brazia ya mazoezi tu, hakuna kingine. Siku ya kwanza! Siku ya kwanza unafanya nini kwani, unatembea kuizunguka nguzo, unajifunza kushika, unajizungusha miguu ikiwa karibu na sakafu, hata suruali ya kulalia ingetosha. Rafiki yangu niliyeenda naye alisoma lile tangazo, akakaza mkoba begani, akageuka. Hajarudi tena, na naamini angekuwa mzuri kuliko mimi.

Ukweli ni kwamba nguo zinapungua taratibu kadiri unavyopanda, hakuna anayekulazimisha. Kwanza unakunja taiti mpaka juu ya goti. Miezi inapita unajikuta umevaa kaptula bila hata kufikiria. Tumbo na ubavu vinakuja mbele huko, ukifika kwenye mikao inayoshikilia hapo, na usipofika hakuna anayekudai. Afu wapo wanaojisitiri kwa dini zao au kwa kupenda tu, nao wanayo njia maana zipo nguzo zilizovishwa silikoni ambazo zinashika kitambaa vizuri tu, na zipo taiti zilizotengenezwa maalumu kwa kunata. Angalia wanasarakasi wa Kichina, nguzo yao imevishwa mpira kwahiyo wanapanda na suruali na mikono mirefu, tena nguo nzito, kwa sababu mpira ungewachuna. Na Wahindi wana mchezo wao wa zamani unaitwa mallakhamb, nguzo ya mbao inapakwa mafuta ya nyonyo, wanaume wanaupanda na kikaptula kidogo tu, na sijawahi kuona barua ya msomaji inayowalalamikia. Chuma kina nguo yake, mpira una nguo yake, mbao ina nguo yake.

Na tukiwa hapohapo kwa wanaume, darasani kwetu tunaye kaka mmoja, anavua shati kabla hata ya kunyoosha viungo, anabaki na kaptula inayoishia palepale inapoishia ya kwangu. Barua ya wiki iliyopita haijamgusa hata kwa nusu sentensi. Nikimuuliza ananiambia "mi nafanya mazoezi dada." Ehe, na mimi je?

Kuna hoja moja ya mwandishi ambayo siipuuzi, ile ya kwamba pole dansi ina jina baya kwa sababu imetoka kwenye klabu za wanaovua nguo. Ni kweli imetoka huko, hii ya studio tunayocheza sisi imetoka huko. Wale wanawake ndo waliotengeneza mizunguko mingi tunayolipia kujifunza. Sasa kuna studio zinakataza viatu vya michuchumio na kuchora mstari eti sisi wanamichezo siyo wale, wakati nusu ya darasa ni hatua za wale wale. Michezo ya mashindano ni habari nyingine, Shirikisho la Kimataifa la Pole Sports lililoanzishwa 2009 lina sheria zake, hakuna nguo za mfano wa chupi za ndani, hakuna kuvua nguo jukwaani, hakuna michuchumio, na ukienda kushindana unazifuata kama mcheza mpira anavyovaa jezi. Ila darasa la jioni la watu waliotoka kazini wamechoka siyo mashindano. Anayetaka mchuchumio avae, asikwaruze sakafu tu.

Kama kuna sharti moja ambalo ningelibandika mlangoni kwa herufi kubwa ni la simu. Hakuna kurekodi mwenzako bila kumuuliza. Manake aibu niliyokuwa nayo mwanzo, nikiifikiria vizuri, haikutokana na wale kumi waliokuwa ndani na mapaja yao nje kama yangu, ilikuwa ya lile dirisha kubwa la mbele lisilo na pazia na ya simu moja iliyosimamishwa kwenye kona ikirekodi darasa zima, sijui inaenda wapi. Siku pazia lilipowekwa watu wawili walikuja na kaptula kwa mara ya kwanza, hakuna aliyewaambia.

Huyo mwandishi namkaribisha darasani, sijui kama atakuja. Avae anavyotaka, suruali, koti, hata glovu mwanzoni hapo tutamvumilia. Pete tu ndo aziache nyumbani.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa nguzo, mwaka wa tatu