Hakuniuliza mimi

Temeke, Dar es Salaam

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila joto limetuzidi.

Siku ile uliniuliza namwonaje Ezekiel Emanuel, yule daktari wa saratani wa Marekani aliyekuwa mshauri wa sera za afya katika serikali ya Obama, salio likaniishia kabla sijakujibu. Swali lako nimelala nalo siku tatu.

Kwanza, alionewa. Mwaka 2009, kwenye muswada wa afya kule kwao, kulikuwa na kifungu cha kumlipa daktari anayekaa na mgonjwa mzee na kumuuliza: ukizidiwa, unataka tukufanyie nini, na nini hutaki? Sarah Palin, mwanasiasa wa chama cha upinzani, akazua habari za baraza la kifo, na wapinzani wakamsukumia Emanuel lawama, kana kwamba yeye ndiye atakayechagua nani afe. Uongo mtupu! Mtu mwenyewe alikuwa anapinga siku nyingi madaktari kuwasaidia wagonjwa kujiua. Kifungu kikaondolewa, na sheria ikapita 2010 bila hicho.

Halafu 2014, akiwa na miaka 57, akaandika kwenye jarida la The Atlantic kwamba kuishi miaka 75 kunamtosha. Akifika hapo hataki vipimo vya saratani, chanjo ya mafua wala antibayotiki. Alisema ni uamuzi wake, hamlazimishi mtu, nami namwamini. Lakini sababu yake ni kwamba mtu akizeeka akili hupungua makali na mchango wake huisha. Hapo tunaachana.

Mama ana miaka 77. Mwaka jana nilimpeleka hospitali moja, macho yote yana mtoto wa jicho. Daktari akaniambia mimi, Mama amekaa palepale: "Bibi ameshakula chumvi nyingi, mwacheni apumzike." Mama hakusema neno. Alishika pindo la khanga yake akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Tulipokuwa kwenye bajaji ndipo aliponiambia, "Hakuniuliza mimi."

Somo, niliumia. Kile walichomtukania Emanuel, daktari kukaa na mzee na kumuuliza, ndicho Mama alichonyimwa. Wala yule daktari kijana wa Mama hakuwa mkatili. Alishapiga hesabu ya miaka tu, na ile 75 ya mtu mmoja ikishaingia vichwani mwa wanaokaa kwenye dirisha la wazee, nani atakumbuka kuwa ilikuwa ya mtu mmoja?

Tulikwenda kwingine, wakamuuliza, akasema anataka kuona. Jicho la kulia limefunguliwa bandeji wiki iliyopita. Alinitazama kitambo, akasema, "Mbona umekonda hivi?"

Sasa amerudia ukili wake, anasuka barazani tangu asubuhi. Ukija kutoka Tanga mletee miyaa, na iliyotiwa rangi nyekundu usisahau. Amesema nyekundu anaiona vizuri.

Ni mimi somo yako.