Kufungua simu haraka bila kumfungulia mwizi

"Mimi natumia kidole, PIN siikumbuki." Simu nyingi zinazoletwa dukani zikiwa zimejifunga huja na maelezo hayo. Ukiizima na kuiwasha, kidole hakipokelewi mpaka uingize PIN. iPhone huidai tena ikikaa zaidi ya saa 48 bila kufunguliwa, nazo Android huidai angalau mara moja kila saa 72, hata kama unazifungua kwa kidole kila siku. Kidole ni njia ya mkato tu. Ukisahau PIN tutaiflashi simu, lakini picha ambazo hukuzihifadhi kwingine hazirudi, na kama ni Android, ikiwaka itadai akaunti ya Google iliyokuwamo.

Kwa hiyo weka tarakimu sita, si nne. Nne zina michanganyiko 10,000, sita zina milioni moja, na kwa kuwa kidole ndicho kinachofanya kazi ya kutwa, PIN yenyewe utaiandika mara chache. Isifanane na ya M-Pesa: aliyekuchungulia kwenye daladala akaipata moja asipate na pesa. Patani, yaani kuchora mstari wa kuunganisha vidoti, hatuipendi, huacha mchirizi wa mafuta kwenye kioo.

Uso unategemea simu. Face ID ya iPhone hupima kina cha uso. Simu nyingi za bei nafuu hutumia kamera ya mbele tu, na baadhi hufunguka kwa picha. Ukitaka kujua yako iko upande gani, ingia kwenye programu ya benki. Ikikubali kidole lakini haina nafasi ya uso, huenda mfumo wenyewe hauuamini uso huo.

Kidole kikigoma, mara nyingi kosa ni la protekta ya kioo, hasa kwa simu zenye sensa (kisoma kidole) chini ya kioo. Ikiwa nene au imeacha hewa, sensa haisomi vizuri. Bandika protekta kwanza, futa kwenye mipangilio vidole ulivyosajili zamani, kisha sajili upya ukigusisha ncha na pembeni pia. Halafu mpe mtu mwingine ajaribu: mwaka 2019 baadhi ya Samsung Galaxy S10 zenye kava za silikoni zinazofunika kioo zilikubali vidole visivyosajiliwa, mpaka Samsung ilipotoa sasisho. Mafundi ujenzi, saruji hula mistari ya vidole. Sajilini kidole kimoja mara mbili.

Laini ndiyo husahaulika. Mwizi huichomoa, akaiweka kwenye simu nyingine na kupokea namba za uthibitisho. Washa PIN ya laini kwenye mipangilio, lakini kwanza tafuta kadi yenye PUK, namba ya kufungulia laini iliyojifunga. Ukikosea PIN mara 3 laini hudai PUK. Ukikosea PUK mara 10, laini imekufa. Ficha pia maudhui ya meseji kwenye skrini iliyofungwa.

Ukituletea simu, usituandikie PIN kwenye karatasi. Tukihitaji kuijaribu, utaiingiza mwenyewe.